Visanduku Katika Barua ya Nashipai

Naikumbuka siku moja ya ukungu, mwanangu, tulipotoka Endulen mimi na wifi yangu Nashipai kwenda Karatu kufuata barua iliyokuja kwa kompyuta. Nilikuwa bado kijana, nimeolewa juzi juzi, na shule yangu ilikuwa imeishia darasa la nne, kwa hiyo sitakudanganya kwamba nilijua mambo ya kompyuta. Nilijua tu kwamba Nashipai ameomba nafasi ya kusomea uuguzi, na kwamba chuo kilisema majibu yatakuja kwa barua pepe. Simu za mkononi kwetu wakati huo hazikushika hata ukipanda kilimani. Anuani aliyowaandikia ilikuwa ya steshenari moja pale Karatu mjini.

Mwenye steshenari aliitwa Mama Glory, mama wa Kichaga, maneno mengi na roho nzuri. Alipotuona mlangoni hakungoja salamu.

"Nashipai, umechaguliwa. Kaa hapo usije ukaniangukia."

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Hongera, umepata nafasi. Siku ya kuripoti na vitu vya kuja navyo vimo katika barua iliyoambatishwa. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine. Hiyo iliyoambatishwa ndiyo ninyi mnaita kiambatisho. Mimi niliiona kama mzigo uliofungwa mgongoni mwa barua. Mama Glory akaubonyeza mzigo. Kioo kikajaa visanduku vitupu, alama za kuuliza, na herufi zimepandana kama mbuzi mlangoni mwa zizi.

"Hii lugha gani?" nikauliza.

"Labda ndiyo lugha ya madaktari," Nashipai akasema.

Mama Glory akaifunga, akaifungua. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akapiga simu chuoni, ikaita mpaka ikachoka. Visanduku vilevile. Mwisho akasema, "Mimi nawaprintia. Huko kwenu kuna mwalimu, kuna katekista. Hatakosekana mtu wa kuisoma."

Tukakubali. Unacheka, lakini sisi tuliona barua ni barua, na nisichokijua mimi wa darasa la nne atakijua aliyesoma zaidi. Tukaikunja ndani ya shuka isiloe, tukapita geti la hifadhi ya wanyama, tukapanda ile barabara ya ukingo wa kreta kwa baridi ile, mpaka nyumbani, tumebeba visanduku.

Mwalimu alivaa miwani akaigeuza karatasi huku na huku, hata nikaanza kuwa na matumaini.

"Kifaransa," akasema.

Mke wake alikuwa pembeni anachambua maharage. "Tangu lini wewe unajua Kifaransa?"

"Ndiyo maana siwezi kuisoma," akamjibu.

Katekista akasema si Kilatini, hilo yuko tayari kuapa. Dereva mmoja wa watalii aliyekuwa amesimama kunywa chai akasema ni Kijapani, kwa sababu aliwahi kuwabeba Wajapani. Hakuna hata mmoja aliyesema neno jepesi kuliko yote, kwamba hajui.

Nashipai akaanza kuacha chakula. Siku ya kuripoti ilikuwa ndani ya ile karatasi, nasi hatukujua kama ni mwezi ujao au ni kesho. Jioni moja nikamwambia, "Turudi Karatu tuwaulize wenyewe walioiandika."

"Niwaambie nini?" akasema. "Nikisema nimeshindwa kuisoma, watasema huyu Mmasai katoka porini hajui kusoma. Vyeti vya dawa atavisomaje? Watampa mwingine."

Niliona ana haki.

Mama mkwe wangu, ambaye wote tulimwita Yeyo kama Wamasai wanavyomwita mama, alikuwa anasafisha kibuyu kwa kijiti cha moto. Hakugeuka. Akauliza, "Huyo aliyetuma habari anajua kwamba imefika?"

"Anajua, Yeyo," Nashipai akasema. "Ameituma mwenyewe."

"Sikukuuliza kama ametuma. Nani amemwambia imefika? Ulimwitikia?"

Hapa nikueleze, kwa sababu ninyi mliokulia mjini hamjaona. Kwetu habari huliwa. Wawili wakikutana njiani, mmoja anatoa habari zake kipande kwa kipande, na mwingine kila kipande anaitikia: ee. Mvua imenyesha Kakesio. Ee. Ng'ombe wamevuka. Ee. Msemaji asiposikia ee, anasimama, anarudi pale alipompoteza mwenzake, anasema upya. Asiyeitikia hachekwi. Anayechekwa ni yule anayeitikia kitu ambacho hakukisikia, kisha kesho anaonekana amepeleka ng'ombe kwenye kisima kilichokauka.

"Mtu wa chuo amekupa habari," Yeyo akasema, "na wewe unaizungusha kijijini kama mbuzi wa kuuza. Hukumjibu ndiyo, hukumjibu hapana. Ningekuwa yeye ningedhani umekufa."

"Yeyo, wale ni watu wakubwa."

"Basi mkubwa wa watu anaongea peke yake kama kichaa, na wewe umemwacha. Mwonee huruma. Kesho mpande gari."

Gari la kesho halikuja, lilikuja la keshokutwa. Mama Glory alipokaa kuandika, Nashipai akaanza kumtajia maneno ya kuomba radhi, mengi, hata mimi nikaona aibu. Nikamwambia Mama Glory, "Futa hayo. Hatujaiba kitu cha mtu."

Tukaandika wazi. Kwamba barua ya kwanza tumeipata na tumeisoma. Kwamba iliyoambatishwa imefunguka ikiwa visanduku na alama za kuuliza. Mama Glory akanakili na jina la faili lile lote, pamoja na zile herufi za mwisho zinazokuja baada ya nukta, akasema mwenye kujua akiziona hizo atajua ugonjwa ulipo. Tukaeleza tumezima na kuwasha. Kisha tukaomba maneno yaandikwe ndani ya barua pepe yenyewe, kwa kuwa hiyo ilikuwa inasomeka bila shida.

Tukaenda ng'ambo ya barabara kunywa chai. Chapati yangu ilikuwa bado nusu Mama Glory alipotoka nje akipunga karatasi.

Chuo kilikuwa kimejibu. Walishukuru. Walisema barua ile iliandikwa kwa programu ambayo kompyuta nyingi huku nje hazina, na hakuna aliyewaambia mpaka sasa. Wamewatumia wote upya. Chini yake, kwa Kiswahili safi, siku ya kuripoti: Jumatatu inayofuata. Viatu vyeupe, chandarua, vyeti, ndoo.

Nashipai akakaa kwenye benchi, akaisoma tena na tena. "Ndoo," akasema. "Yeyo atataka kunipa kibuyu."

Akawahi. Mwezi wake wa pili chuoni akatuandikia kwamba bwenini alikuta wasichana wengi waliopata visanduku kama vyake. Wote walikuwa wamenyamaza, kila mmoja akidhani ujinga ni wa kwake peke yake. Mmoja wa kijiji cha Arash alikuwa ameshakata tamaa, amerudi kuchunga ndama, barua ya pili ikamfuata huko huko. Sasa hivi yule wa Arash ni muuguzi, na Nashipai ni muuguzi, na nimewaona kwa macho yangu wakimuuliza daktari mbele ya wagonjwa, "Hapa umeandika nini? Hapasomeki." Daktari anaandika upya.

Kwa hiyo, mwanangu, kitu kikikujia hakifunguki, usikae nacho ukajiona mjinga, wala usimpe mtu akubahatishie. Kijaribu kwenye kompyuta nyingine kama ipo, kisha mrudie aliyekituma. Mwambie kipi kimefika na kipi hakikufika, mwambie unaona nini hasa, mwombe akitume kwa njia nyingine. Fanya leo, maana siku zilizoandikwa humo ndani hazikungoji. Na wewe ukiwa ndiye mtumaji, usilale mpaka umesikia kwamba kimesomeka.

Mungu akupe macho mazuri na ulimi usioogopa. Mifugo yako izae, watoto wako wakuzike wewe na si wewe uwazike wao, na milango utakayobisha ifunguliwe na watu wenye subira.