Kufuata Kidole Gumba cha Baba hadi Yamumbi

Nilisafiri kwenda nyumbani Eldoret kwa sababu ya mdudu mmoja. Baba, mwalimu mstaafu, alipiga picha kila nzi, nondo na mbawakawa aliyemkuta shambani, akanitumia Nairobi: "Huyu ni nani?" Nami nilizipeleka kwenye kundi letu la mtandaoni la kutambua wadudu. Picha yake ya mwisho, ya mbawakawa mweusi, ilibaki bila jina. Baba alifariki wiki hiyo hiyo.

Wajuzi waliuliza jambo moja tu: ana ukubwa gani? Wapo wawili wanaofanana, mkubwa na mdogo. Baba aliweka kidole gumba kando ya kila mdudu ili tupime, na mimi, mpenda picha safi, nilikuwa nakikata kwenye picha kabla ya kuzituma. Kisha simu yangu ikaibwa, zikabaki zile nilizokata, zilizokuwa kundini.

Saa moja asubuhi basi liliondoka Nairobi. Nakuru nilinunua mahindi ya kuchoma, nikashindwa kuyamaliza. Tulipofika Timboroa, baridi na harufu ya misonobari viliingia dirishani, nikamkumbuka Baba hadi nikamficha jirani yangu uso.

Saa tisa nilikuwa nyumbani Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Mama alinipa mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, kabla ya maswali.

"Mama, simu ya Baba iko wapi?"

"Iko kwa kabati. Huwa naichaji kila Jumapili."

"Kwani nani hupiga?"

"Hakuna. Lakini siwezi iacha izime."

Picha ilikuwemo. Kando ya mbawakawa kulikuwa na kidole, ukucha umepinda pale nyundo ilipoupiga tukijenga zizi. Nilikitazama mpaka nikamsahau mdudu.

Nilipomweleza nilivyokuwa nakikata, Mama alichungulia. "Ukikata hii tena, tutakosana."

Niliituma nzima. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: mbawakawa wa kinyesi, yule mdogo. Wa zizini kwetu, tuliyemkanyaga miaka yote. Mama alicheka, kisha akajifuta macho kwa leso.

"Huyo mzee angefurahi," akasema.

Kesho yake nilianza kurudi, nikijua sasa kwamba nilichokuwa nakiondoa ndicho nilichopaswa kutunza. Karibu na Naivasha simu ililia. Ilikuwa picha kutoka namba ya Baba: nzi wa kijani juu ya meza ya jikoni, na kando yake kidole gumba cha Mama, kina unga.

"Huyu ni nani?"