Motaboti ya Makori, Fundi Sufuria wa Nyamarambe

Mwanangu Makori alikuwa fundi wa sufuria. Soko zima la Nyamarambe lilimjua kwa hilo. Karai likipasuka, ndoo ikiachana na kitako chake, watu walisema, "Peleka kwa Makori." Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye vidole vyeusi visivyotakata hata Sabato. Ufundi aliupata mjini Kisii kwa fundi mmoja Mhindi aliyemfukuza mara mbili na kumrudisha mara mbili, kwa kuwa hakupata mwingine mwenye sikio kama lake. Makori aliigonga sufuria kwa ukucha, akasikiliza, akakuambia kama itavuja mwaka huu au mwaka ujao.

Dada zake watatu walikuwa wameolewa, baba yake alikuwa amefariki. Nilibaki na yeye na mkewe Bochaberi. Ndiyo maana nilimlinda kama jicho, na yeye akavumilia kulindwa.

Mwaka wa 1971, masika yalipopungua, alikwenda Homa Bay kutafuta alumini chakavu ya kuyeyusha atengeneze miiko. Nilimtarajia na gunia moja au mawili. Nilikuwa kwenye migomba niliposikia kelele barabarani. Nikatoka mbio na panga mkononi, maana kukiwa na kelele moyo wangu hufika kabla ya miguu. Nikaona lori la Andrew, mchukuzi wa samaki wa Homa Bay, linapanda kilima polepole, na juu ya magunia ya dagaa omena kuna kitu kimefudikizwa, kirefu kama ng'ombe wawili waliofuatana.

"Ni nini hicho?" nikauliza.

"Ni motaboti, Mama," Makori akajibu kutoka juu ya lori.

"Ya nani?"

"Yetu."

Ilikuwa ya Mzungu mmoja aliyevua samaki kwa starehe kabla ya Uhuru. Alipoondoka aliiacha nyuma ya duka moja la Homa Bay, na kwa miaka minane mbuzi wakawa wanalala ndani yake. Rangi ya kijani ilikuwa imebabuka, ubao wa nyuma unaobeba injini umeoza, na tumbo limebonyea kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe. Makori alikuwa amekwenda na tindo ili aikate vipande. Alituambia kwamba aliigonga ubavuni mara moja, ikaitika vizuri, mkono ukakataa kukata.

Obadiah, mdogo wa marehemu mume wangu, aliizunguka akicheka hadi akashika mbavu.

"Makori, Nuhu alikuwa na miaka mia sita alipoanza kazi hii. Wewe umeoa juzi."

"Baba mdogo, Nuhu alitumia mbao. Hii ni alumini, haiozi."

"Na maji je? Itaelea kwenye umande?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikaacha. Nilikuwa nimemwona mwanangu anavyoipapasa.

Sisi maji tunayajua ya kuteka. Hakuna mtu wa nyumba yetu, tangu babu, aliyejua kuogelea. Mto Gucha tunauvuka darajani, na hata darajani mimi sitazami chini.

Kazi ilifanyiwa hapo hapo uani, kati ya jiko langu na nyumba yake. Tuliifudikiza juu ya vigogo vya migomba, tukaisugua kwa mchanga na maganda ya limau. Bathsheba, jirani yangu, alitaka kuleta majivu, nikamkataza. Kila mwanamke anajua majivu yaliyolowa yanavyoila alumini yakilala nayo. Makori alinyoosha mabonyeo kwa nyundo ya mti, akakata ubao mpya wa mvule, akabandika viraka penye matundu. Injini aliinunua mbovu, akaifungua na kuifunga hadi ikawaka ndani ya pipa la maji mbele ya jiko. Ilitetemeka hivi kwamba pipa lilitembea peke yake, na kuku wangu hawakutaga wiki nzima.

Lakini kazi kubwa ilikuwa ribiti. Ni vipande vifupi vya alumini, vyenye kichwa kama cha uyoga, vinavyoshikanisha bati na bati. Ribiti haipigwi na mtu mmoja. Mmoja hukaa ndani akikandamiza chuma kizito juu ya kichwa, mwingine hukaa nje akiponda mkia mpaka ulale. Aliye ndani akilegeza chuma, ribiti hupinda, wala haishiki kitu. Kazi hiyo ingekuwa ya Bochaberi, lakini alikuwa na mimba ya miezi sita na hakuweza kuinama chini ya motaboti. Nikaingia mimi, na kipande cha ekseli ya lori mikononi.

Humo ndani mlikuwa na giza na joto, na kila nyundo ilinigonga menoni. Hatukuonana. Alipiga, akauliza, "Imekaa?" Nikamulika kichwa kwa tochi, nikajibu, "Imekaa." Tukaenda inayofuata. Zilikuwa mia mbili na kumi, siku baada ya siku. Sijawahi kuongea na mwanangu kama tulivyoongea siku zile, kila mmoja upande wake wa bati. Aliniambia kwamba hataki kufa akiwa anaziba sufuria za watu. Uso kwa uso asingeniambia.

Nilidhani ataiuza. Kisha mvuvi mmoja wa Homa Bay akaja, akaikagua, wakapeana mikono. Makori angechukua samaki kutoka visiwa vya Rusinga na Mfangano hadi mjini, na mtoto akizaliwa angemhamisha Bochaberi huko.

"Sufuria watapeleka kwa nani?" nikamuuliza mgeni alipoondoka.

"Mama, sufuria hazitaisha duniani."

"Na shamba la baba yako?"

"Shamba halihami. Nitakuwa nikirudi."

Akachukua nyundo. Nami nikaingia chini na chuma changu. Tulikuwa kwenye mstari wa katikati ya tumbo, pale maji yanapobeba uzito wote. Ya kwanza hadi ya sita nilizikandamiza vizuri. Ya saba, alipoinua nyundo, nilirudisha chuma nyuma. Kidogo tu, upana wa unyasi.

Alipiga. Akaigonga kwa ukucha.

"Mama, sauti hiyo si nzuri. Imekaa?"

Niliitazama. Kichwa kilikuwa kimeinama, kimeacha mwanya unaoingiza ukucha. Nilifikiri hivi: tutaijaza maji kuijaribu, itavuja, yule mvuvi atasikia kwamba inavuja, atatafuta mwingine. Makori atabaki nyumbani. Hakuna atakayeumia.

"Ni mkono wangu umechoka," nikasema. "Imekaa."

Akaamini. Kazi ya kupaka lami ndani ya maungio ilikuwa yangu pia, nikaipaka ile ya saba kama nyingine.

Siku ya kuijaribu ilikuwa Alhamisi. Waliigeuza, wakaiinua juu ya mawe, wakatandaza majivu makavu chini yake ili kila tone lijionyeshe. Mvua ya alasiri ilipoanza, Makori aliyaelekeza maji ya paa la mabati hadi motaboti ikajaa pomoni. Nusu ya soko ilikuja kutazama. Mimi nilichuchumaa nikikazia macho mahali pamoja tu.

Hapakudondoka hata tone. Lami ilikuwa imeshika.

"Jamani!" Obadiah akasema. "Nuhu, tunakuomba radhi!"

Walishangilia, Bochaberi akapiga vigelegele. Makori akanishika bega mbele ya watu wote akasema, "Mikono ya Mama hii." Nilitamani ardhi inimeze. Maji yaliyotulia uani si maji ya ziwani. Nilikuwa nimeona injini ile ilivyolitembeza pipa. Ingeitikisa lami hiyo siku moja, siku mbili, kisha ingefunguka akiwa mbali na nchi kavu, na samaki wa watu ndani, na yeye hajui kuogelea.

Lori la Andrew lilikuwa lije Jumapili. Nilikuwa na Ijumaa na Jumamosi, Sabato yetu. Ijumaa nilikwenda mara nne hadi mlangoni kwake. Mara ya kwanza alikuwa na yule mvuvi, mara ya pili na Bochaberi, mara ya tatu alikuwa peke yake, nikamuuliza kama amekula. Mara ya nne nikamuuliza tena.

"Mama, nimekula mara mbili kwa sababu yako," akasema.

Kanisani sikuweza kutulia. Nilitoka nje mara tatu kabla somo halijaisha. Bathsheba akanifuata.

"Mama Makori, ni tumbo?"

"Ni tumbo."

"Pole. Ni uchungu wa kuachwa huo. Utazoea."

Ningemwambia yeye, ingefika sokoni kabla ya jua kutua. Nilirudi ndani, nikafungua kitabu cha nyimbo kichwa chini.

Jumapili asubuhi lori likaja. Wanaume wanane waliibeba motaboti, wakaiweka ikitazama juu safari hii, wakaifunga kwa kamba. Andrew alikuwa tayari amewasha injini. Makori alipanda, akaketi juu ya begi lake, akanipungia mkono. Nikamwona vile alivyokaa, mzima, mikono yake myeusi magotini.

Nilikimbilia jikoni nikatoka na kisu. Sijui nilipandaje lori. Nilikuwa na miaka arobaini na minane na nguo ya Sabato niliyoivaa kumuaga. Niliingia ndani ya motaboti, nikapiga magoti, nikahesabu kutoka nyuma, nikaanza kukwangua lami.

"Mama! Unafanya nini?"

"Zima lori," nikamwambia Andrew. "Zima!"

Akalizima. Nikasikia kimya chote cha barabara. Lami ilitoka, kichwa kikaonekana kimeinama. Nilitia ncha ya kisu kwenye mwanya ikaingia.

"Hii haikukaa," nikasema.

Makori aliinama, akaigusa kwa kidole. "Chuma kiliteleza?"

Alikuwa amenifungulia mlango. Ningesema ndiyo, angecheka, angeitoboa kwa keke na kuipiga upya, angeondoka wiki ijayo akiwa bado na mama aliyemjua. Obadiah alikuwa chini akisikiliza, na Bathsheba, na Bochaberi ameshika tumbo.

"Hakikuteleza," nikasema. "Nilikirudisha mwenyewe. Sikutaka uende."

Makori aliitazama ile ribiti kwa muda mrefu, si mimi.

"Sikio liliniambia," akasema mwisho. "Nikaliambia linyamaze, kwa sababu ni Mama."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu. Haki ya Mungu."

Niliona anataka kuniamini na hawezi. Alishuka, akawaambia wanaume waishushe. Andrew alilalamika kuhusu siku yake iliyopotea, Obadiah akamwambia, "Nyamaza, ungebeba jeneza."

Ribiti mia mbili na kumi, Makori alizikwangua zote lami, moja baada ya nyingine, akizigonga kwa ukucha na kusikiliza. Nyingine zote zilikuwa nzima, lakini hakutulia. Mstari wote wa tumbo aliutoboa kwa keke, ribiti arobaini, ili azipige upya. Obadiah akaingia chini kushika chuma. Mimi nilipika. Chakula kililetwa mezani na Bochaberi, vyombo vikarudishwa na Bochaberi. Makori alinisalimia asubuhi kwa heshima kama mtu anavyomsalimia mama wa mwenzake.

Siku ya nne Obadiah alitoka chini ya motaboti akishika kiuno.

"Mwanangu, mimi ni mtu wa ng'ombe. Mgongo wangu umekwisha."

Makori akasimama kando ya mlango wa jiko langu. Hakuingia.

"Zimebaki kumi na tatu," akasema.

Nikafuta mikono. Niliingia chini na kile kipande cha ekseli nikakikandamiza hadi mabega yakatetemeka. Hakuniuliza kama imekaa. Baada ya kila ribiti aliweka nyundo chini, akainama, akaingiza kichwa na tochi akaitazama mwenyewe, akatoka, akapiga nyingine. Mara kumi na tatu. Pumzi yake ilinipita usoni kila mara. Ya kumi na tatu alipoitazama, alikaa humo kidogo zaidi.

"Ungeniambia tu nisiende," akasema gizani.

"Ungebaki?"

"Hapana."

"Basi."

Alitoka, nami nikatoka baadaye, nilipokwisha kufuta machozi.

Aliondoka baada ya wiki mbili. Bochaberi alijifungua msichana Oktoba, akamfuata mumewe mwezi wa Desemba. Makori hakuacha kurudi. Alirudi kila mwisho wa mwezi na samaki, akaziba sufuria za wale waliokataa kupeleka kwingine, akakaa nami jikoni akisimulia mawimbi kwa maneno machache. Huko ziwani walimwita Fundi. Wavuvi walimletea mitumbwi aigonge na kuisikiliza. Kuogelea alijifunza akiwa na miaka thelathini, kwa kushikwa tumbo na vijana waliomcheka.

Mwaka wa 1974 nilikwenda kumwona mjukuu. Makori akaniambia, "Twende nikuonyeshe." Sikuuliza wapi. Alinishika mkono nikakanyaga ndani, nikaketi katikati, nikashika ubao kwa mikono miwili. Aliwasha injini. Ufuo ukaanza kurudi nyuma, watu wakawa wadogo, na upepo ukanivua kitambaa kichwani.

"Mama, tazama Rusinga ile! Tazama ndege!"

"Naona," nikasema, lakini sikuinua macho. Nilikuwa nikitazama sakafu kati ya miguu yangu. Ilikuwa kavu. Tuliendelea, nami nikaendelea kutazama.