Kamera Mbea

Kamera mpya niliinunua wakati kila mtu mtaani kwetu Kambarage ananiambia nisinunue. Aliyepiga kelele zaidi ni fundi picha mwenzangu tunayepakana vibanda, anayepiga picha za harusi za wachimbaji kuanzia Bugarama mpaka Geita na kurudi na vumbi hadi kwenye kope. Yeye ana msimamo mmoja tu: kamera haina haja ya kuona gizani.

"Jua lote hili la Shinyanga hulioni?" alinifokea. "Kuna watu huko duniani wanalitafuta kwa tochi. Wewe aiso kubwa hivyo ya nini?"

Aiso, kwa asiyeijua kazi yetu, ni ile namba inayoifanya kamera iwe nyepesi au nzito kuhisi mwanga. Ukiipandisha, inaona hata ndani ya chumba chenye kidirisha kimoja. Ukiipandisha kupita kiasi, picha inajaa chenga. Kamera yangu ya zamani ilikuwa inaanza chenga mapema mno, kwa hiyo siku zote nilitegemea flashi, na wateja waliipenda. Isipowaka, mteja anabaki amesimama palepale, hajapumua, anasubiri apigwe.

Kichwa changu ni kigumu, nakiri. Lakini kamera ile sikuinunua kwa ajili ya wateja. Nilitaka picha ya mama yangu.

Mama anaishi peke yake nje kidogo ya Kishapu. Ukimtajia picha, anaingia ndani, anavaa kitenge cha kanisani, anatoka na kusimama mikono imenyooka kama anaapishwa, kanuna. Za namna hiyo ninazo nyingi. Hakuna hata moja yenye mama ninayemjua mimi, yule anayecheka jikoni mpaka anashika mbavu kwa kukumbuka upuuzi wa watu. Na jiko lake, kuta zote zimekolea moshi, dirisha lenyewe ukubwa wa daftari.

Basi Jumamosi moja asubuhi nikakaa humo kwenye kigoda, kamera mapajani, flashi nimezima, mlio nimezima, aiso nimeipandisha juu. Mama akasonga ugali, akawasema majirani mmoja baada ya mwingine, akacheka. Nilipiga picha kama mia mbili na hakushtuka hata mara moja. Nikajisifu moyoni kwamba sasa nimekuwa fundi.

Jumatatu nikazifungua kwenye kompyuta ya studio. Zilikuwa nzuri! Chenga zilikuwepo, lakini laini, kama unga uliomwagikia kanga. Nikamwita jirani yangu aje ayameze maneno yake. Akakaa, akaanza kupitisha picha moja moja, kisha akarudi nyuma akazipitisha upya.

"Mama anatafuta nini ukutani?" akauliza.

Nikasogea. Picha moja, mkono wa mama unapapasa ukuta kulifuata kopo la chumvi. Nyingine, kidole chake kinagusa ukingo wa sufuria kabla hajamimina unga. Nyingine, amenigeukia anacheka, na macho yake yanatazama juu ya kichwa changu. Katika picha zote zile sikuona hata moja ambayo macho yake yanafuata mikono. Hakuishtukia kamera kwa sababu hakuiona.

Nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia mama, kisha hasira ikanirudia mwenyewe, maana kila mwezi nilikuwa nakwenda kwake. Lakini huku kwetu mdogo ndiye anayeanza salamu. Unaingia uani, unasema shikamoo, na sauti yako imeshakutaja. Mama anaitikia marahaba, anakuita jina lako, anauliza hali za watoto. Heshima yetu wenyewe ndiyo iliyomsitiri. Hakuna aliyewahi kumngoja amtambue mtu kwa sura.

Kesho yake nikarudi Kishapu. Nilimkuta uani anachambua mboga.

"Mayu," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "huoni."

Mikono haikusimama. "Nani kakwambia?"

"Kamera."

"Basi hiyo kamera yako mbea."

Akachambua majani mengine mawili matatu, kisha akayaacha. "Usimwambie kaka yako," akasema. Kaka yangu ana duka la vipuri Geita, na alishaapa kwamba siku mama akishindwa kujitegemea atakuja kumchukua akaishi naye. "Nikakae kwenye makochi ya watu, nasikiliza televisheni? Hapa kila kitu najua kilipo, mwanangu. Hapa siongozwi na mtu." Sikuwahi kumsikia mama akiomba kitu maishani mwangu, na niliogopa sana.

Nikamwahidi kunyamaza, ila kwa sharti moja: twende akapimwe macho. Alikubali kwa kununa, nikampeleka hospitali. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba atafanyiwa upasuaji jicho moja kwanza.

Asubuhi iliyofuata upasuaji nesi akamfungua bandeji. Mama akapepesa. Akatazama dirisha. Akamtazama nesi kuanzia juu mpaka chini, akamsifia viatu. Halafu akanigeukia mimi, akanitazama muda mrefu, akanishika shavu.

"Kumbe umezeeka," akasema.

Nikacheka huku machozi yananitoka. Nikamwuliza ni tangu lini hajaniona vizuri. Akafikiri kidogo.

"Siku ya harusi ya mdogo wako ulikuwa bado binti."

Mtoto wa kwanza wa mdogo wangu yuko darasa la tano.