Gari Alilochagua Baba Mkwe

Mimi napenda gari linalonguruma. Nalisema mapema kwa sababu wapo wanaodhani mwanamke wa umri wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Buswelu na magoti yanayolalamika kwenye ngazi, anatakiwa apende gari la kumfikisha sokoni na kumrudisha. Wapende wao. Mimi nilijifunzia kuendesha kwenye pikapu ya kubebea saruji, na tangu siku ile injini ikiamka, na mimi naamka.

Kwa hiyo pesa ya kununua gari la maana ilipopatikana, sikuhangaika kuuliza watu. Nilitaka gari la juu la Kijerumani, lile ambalo wenye nazo wakishalichoka huko Ulaya hutufikia sisi likiwa bado na heshima yake. Kilichobaki ni kuchagua injini, maana gari hilo kwa nje ni lilelile, ila kwa ndani hutofautiana sana. Lipo la dizeli, la watu wastaarabu. Lipo na la petroli, silinda nane, turbo mbili, breki kubwa, na tairi pana zenye shavu jembamba kiasi kwamba ukikanyaga punje ya mchele unaijua.

Mwanza nzima nilipata mawili ya kuuzwa. La dizeli lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye ukoo wake umefanya biashara hapa tangu enzi za babu yake. Alilitoa gereji, akalipangusa tena mbele yangu ingawa lilikuwa halina hata vumbi.

“Mama, mke wangu hajawahi kufika popote na gari hii akiwa macho,” aliniambia. “Tukitoka tu mjini, ameshalala.”

Lile la petroli lilikuwa kwenye yadi moja barabara ya uwanja wa ndege, chini ya dalali kijana aliyevaa miwani ya jua hata kivulini. “Sista, hii siyo gari, hii ni mnyama,” alisema, akaliwasha. Mngurumo wake niliusikia mbavuni. Nilitabasamu, nikasahau kabisa kwamba mnunuzi hatabasamu mbele ya dalali.

Lingekuwa gari langu peke yangu, ningelilipia siku ileile. Lakini lilikuwa zaidi gari la baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa amekuja kukaa kwetu Kiseke kutoka kwao Mara, pwani ya ziwa, baada ya ugonjwa kumwingia kwenye mifupa ya nyonga. Ilibidi aende hospitali kubwa mjini mara kwa mara. Gari letu la zamani lilikuwa dogo na la chini, na kukikalia kiti chake ilikuwa kama kuchuchumaa, jambo ambalo nyonga zake zilikuwa zimelikataa. Tulijaribu dereva wa kukodi. Kabla wiki haijaisha mtaa mzima ulikuwa unajua mzee anaumwa nini na analia wapi. Safari iliyofuata mzee alikataa kutoka chumbani. Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita, na akiwa zamu haondoki. Nikabaki mimi.

Na mimi ndiye mtu ambaye hakutakiwa. Mimi ni Msukuma wa kule Bujora, na kwetu mkwe anaheshimiwa, sisemi hapana. Ila kwa ukoo wa mume wangu baba mkwe na mke wa mwanawe hupitana kwa mbali. Hatupeani mikono. Hatuli meza moja. Siingii chumbani kwake, na habari za mwili wake hazipiti kinywani mwangu. Miaka yote ya ndoa yangu nimempigia goti mlangoni, “Shikamoo baba,” naye akaitikia “Marahaba mama” akiangalia pembeni. Heshima si utumwa, wanasema, lakini mgonjwa akiwa ndani ya nyumba kuna siku nilitamani kuuliza tu, “Baba, leo inauma?” kama ambavyo ningemuuliza jirani.

Mume wangu ndiye aliyetafuta njia. Mzee angekaa nyuma ya kiti cha dereva, aone kichogo cha kiti na si uso wangu. Mimi ningekigeuza kioo cha ndani kitazame juu, nikaendesha kwa vioo vya pembeni. Mzee akalifikiria siku mbili tatu, akakubali, kwa sharti kwamba gari liwe la juu, aweze kupanda na kushuka mwenyewe bila kushikwashikwa.

Nikaomba niyajaribu magari yote mawili na yeye akiwemo. Yule mzee wa Kihindi alinipa ufunguo bila maneno mengi. Baba mkwe alikishika kishikio cha juu ya mlango, akajisogeza polepole hadi kitini, mlinzi wetu akamfungia. Tukashuka hadi lami, tukazunguka kandokando ya ziwa, tukarudi. Gari lilikuwa kimya mno. Nilisikia saa yangu ya mkononi. Pale tunapoiacha lami na kuanza kupanda kuelekea kwetu, ambapo barabara ni mawe matupu na mvua imechimba mifereji, mzee alianza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kanisani kwa lugha ya kwao, na aliuimba kwa sauti, maana ujanani alifundisha kwaya. Aliimba hadi getini.

Moyo wangu ulifurahi, na papo hapo ukanywea. Mzee amelipenda, nikajisemea, basi mnyama nimemkosa.

Siku iliyofuata nikamchukua na lile la petroli, dalali akiwa amekaa mbele na mimi. Lilinguruma tangu getini. Kwenye lami nilikanyaga kidogo, kidogo tu, dalali akashika dashibodi na kuanza kunisifia. Kwenye mawe gari lilitutikisa vibaya, maana limetengenezwa kwa barabara laini za wenzetu. Nyuma hapakuwa na wimbo. Sikusikia chochote isipokuwa injini. Tulipofika, baba mkwe alikaa muda mrefu kabla ya kushuka, na alipopita barazani niliona kola ya shati lake imelowa jasho. “Asante mama,” alisema, akaingia ndani.

Haikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Nilimwambia dalali biashara imekufa. Alivua miwani yake kwa mara ya kwanza, akanitazama kwa huruma kweli. Jioni nilimpigia simu mume wangu.

“La dizeli,” nikasema.

“Wewe? Umwache mnyama?” Alicheka hadi nikaudhika. “Mkamia maji hayanywi, mke wangu.”

“Baba yako aliimba,” nilimjibu. “Kwenye lile lingine alikaa kama yuko msibani. Basi.”

Nilijiona mtu mwema sana wiki ile. Nililala na wema wangu, nikaamka nao, nikaenda nao dukani na kuwafokea wateja.

Mume wangu aliporudi kutoka zamu alikaa na baba yake uani, chini ya ukuta, wakaongea kwa lugha yao kwa sauti ya chini. Kisha akaja jikoni nilipokuwa nageuza sato kwenye mafuta.

“Baba anasema uchukue lile la petroli.”

Nilipandwa na hasira. Nilijua kimetokea nini. Mume wangu alikuwa amemweleza mzee jinsi ninavyolipenda, na mzee wa watu, na maumivu yake yote, ameamua kunihurumia. “Mwambie baba yako mimi si mtoto wa kupewa pipi,” nilisema. “Nimeshaamua. Gari ni la kumbeba yeye, si la kunifurahisha mimi. Na wewe mdomo wako!”

“Sijamwambia kitu.”

“Hukumwambia?”

“Hajasema kwa ajili yako.” Alikuwa anaangalia kikaango, si mimi. Niliona kwamba anataka kusema jambo na aibu inamkaba, aibu ya kwao ile ile. “Amesema lile la dizeli liko kimya mno. Nyonga zikimkamata kwenye mawe, hana pa kulilia.”

“Lakini aliimba.”

“Aliimba ili usimsikie.”

Sikuelewa mara moja. Nilisema la petroli linarusha zaidi, litamuumiza zaidi. Mume wangu akasema baba anajua hilo, amelipanda. Anasema liumize, ila aweze kuugulia bila mkwe wake kusikia. Siku ile kwenye la petroli aliugulia njia nzima, na mimi wala dalali hatukujua.

Samaki waliungua. Nilikaa kwenye kigoda pale pale jikoni, nikajisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia mbele ya mtu yeyote. Niliikasirikia mila yao, nikakasirikia na wema wangu wa wiki nzima. Wimbo ule niliufurahia! Niliusimulia dukani! Nilitaka kwenda kumpigia goti nimwambie, baba, lia tu, mimi ni mwanao. Mume wangu alinishika mkono. “Ukimwambia umejua,” alisema, “hatapanda tena.”

Dalali alisema alijua nitarudi. Nikamwacha ajue.

Nililiendesha gari lile kwa namna ambayo waliolitengeneza hawakuikusudia. Tukiwa mjini nilikwenda taratibu kama gari lingine lolote. Tukifika mwisho wa lami nilibonyeza kitufe cha mbio, kile kinachozidisha sauti, nikashusha gia hadi ya kwanza, halafu nikapanda mawe kwa mwendo wa kobe huku injini ikinguruma kana kwamba tunashindana na ndege. Petroli ilikwenda na maji. Majirani walisema mama wa vifaa vya ujenzi siku hizi anajisikia, hawezi hata kufika kwake mpaka kila mtu ajue. Mmoja aliniuliza usoni, na mimi nikamwambia ndiyo, nimelinunua ili nisikike.

Sikusikia chochote kutoka nyuma, safari zote hizo. Tulifika, nikazima, tukaagana. “Asante mama.” “Karibu baba.”

Kisha ikaja siku ambayo daktari aliongea na mume wangu kwa simu kwa muda mrefu, mimi nikisubiri koridoni na baba mkwe akiwa ndani. Mume wangu alinipigia baadaye. Sauti yake ilikuwa nzito. Alisema tiba imefika mwisho, nimrudishe mzee nyumbani, hakuna haja ya kumleta tena. Nikauliza kama baba anajua. Akasema ameambiwa.

Muuguzi alimleta kwenye kiti cha magurudumu, akapanda mwenyewe kama kawaida yake. Tukatoka mjini. Siku ile sikungoja mawe. Tulipoiacha tu barabara ya ziwani, tukiwa bado kwenye lami nzuri, nilibonyeza kile kitufe na kushusha gia, na watu wakageuka kutuangalia. Nilikanyaga mafuta hadi sikusikia hata pumzi yangu. Ndipo na mimi nikalia, kwa sauti, mdomo wazi, kama nilivyomlilia mama yangu mzazi. Nililia hivyo njia nzima hadi Kiseke, na nilijua nyuma yangu naye analia, na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Mlinzi alifungua geti, nikaingiza gari hadi barazani. Nilifuta uso kwa khanga. Injini sikuizima. Nilikaa nayo ikiunguruma, nikaangalia mbele ukutani, nikamsubiri amalize.