Mama Povu hataki kuonyeshwa swala

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mashine nne za kufulia zinanguruma kwa pamoja na sakafu inatetemeka. Mwanamke mfupi mwenye buti za mpira anavuta mashuka yaliyolowa na kuyatupa kwenye toroli. Anapaza sauti ili asikike: "Ngoja kidogo, mwandishi! Haya yanasubiriwa wodini."

Kwa miaka kumi na tisa amefua mashuka ya hospitali, na wenzake wanamwita Mama Povu. Wachache wanajua kwamba msimu wa uwindaji ukifunguliwa, mama huyu wa miaka hamsini na mbili huchukua likizo, kibali cha swala mmoja na bunduki aliyorithi kwa baba yake, na kuingia porini peke yake.

Hakuanza hivyo. Miaka mitano iliyopita alilipia safari ya uwindaji ya kuongozwa, kwa mshahara wake wa miezi mitatu. Akalala kwenye hema safi, akapikiwa, akapelekwa kwa gari hadi walipo swala.

"Sikukanyaga hata mwiba," anasema. "Nilikuwa kama mtoto anayelishwa uji. Yule mwongozaji akaninong'oneza, 'Piga, mama! Piga sasa, wanaondoka!' Mimi hata sijamwona swala vizuri. Nikapiga."

Risasi ilimpata swala nyuma, akatokomea akichechemea. Mama Povu akaruka kutoka garini amfuate. Mwongozaji akatazama saa yake.

"Achana naye, mama. Jioni kuna wageni wengine. Kesho tutakutafutia mwingine."

Mama Povu alimkataa huyo mwingine.

"Hapa kila siku nafua damu za watu, sijawahi kuona kinyaa," anasema. "Wiki ile kila shuka lilinikumbusha yule mnyama. Yule kijana mwongozaji alikuwa kazini kwake. Aliyemuumiza ni mimi, na aliyemwacha ni mimi."

Alitaka kuiuza bunduki. Mumewe, msuka viti, akamzuia: "Usiuze. Nenda mwenyewe, kwa mwendo wako."

Misimu miwili ya kwanza alirudi bila kitu. Mara kadhaa swala walisimama mbele yake, naye akashusha bunduki kwa sababu nyasi zilimzuia kuwaona vizuri. "Hakuna wa kuniambia piga. Raha yake ni hiyo."

"Wanasema mkono mtupu haulambwi," anasema mumewe nyumbani kwao, akikaza kamba ya kiti. "Mimi nimeulamba miaka miwili, na sijakonda."

Msimu wa tatu alipiga. Swala akayumba, kisha akakimbilia vichakani. Mama Povu alifuata tone moja la damu hadi lingine kwa saa nne, akipoteza njia na kurudi nyuma, mpaka akamkuta amelala chini ya mti, ameshakufa.

"Nilikaa karibu yake nikalia. Halafu nikacheka, maana nilikumbuka barabara iko mbali na mbebaji ni mimi! Niliirudia ile nyama mara tatu. Mgongo ulinisema wiki nzima."

Kule hospitalini, mashine moja inanyamaza. Anafungua mlango wake na mvuke unamfunika uso. Msimu ujao hatakuwa peke yake: binti yake, mwalimu wa chekechea, amefaulu mtihani wa leseni ya uwindaji na ameomba waende pamoja.

"Aliniuliza, 'Mama, utanionyesha walipo?' Nikamwambia hapana, mwanangu. Wewe utatangulia. Mimi nitatembea nyuma yako, na mdomo nitaufunga."

Anacheka. "Huo mdomo ndio kazi."