Mpunga wa Mama Upande wa Kulia

Niliupenda mpira wa kikapu kwa sababu ya kuku. Hapa Kasongo, uwanja wa saruji wa shule ya misheni ndio mahali pakavu na safi kuliko pote mtaani kwetu. Wakati wa mavuno, mama yangu na wenzake, Waislamu kwa Wakristo, hutandaza mpunga wao pale ukauke. Nilipokuwa msichana mdogo, kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya mpunga na fimbo, kufukuza kuku. Lakini kuku hawaji kila dakika. Kuku mmoja akishakimbia, mpaka aje mwingine huna la kufanya ila kutazama wachezaji.

Nikatazama hivyo miaka na miaka. Leo nauza chumvi na sabuni sokoni, lakini ukinunua kidogo kidogo na huna haraka, nitakueleza historia yote ya timu yetu. Pete ya kwanza ya goli ilikatwa kwenye pipa la chuma. Kapiteni wa kwanza alikuwa fundi mwashi, mtu wa mkono wa kushoto. Baadaye alikuja mpiga kasia mmoja kutoka Nyangwe, mrefu mno, asiyejua kuruka lakini mwenye vidole vilivyoushika mpira kama kasia. Kuna mwaka komite ya timu iliamua kumwacha nyumbani tulipokwenda Kabambare, kwa sababu magoti yake yalikula nafasi ya watu wawili kwenye pikipiki. Tulipeleka wepesi, tukafungwa na warefu. Mpaka leo nikikumbuka uamuzi ule napoteza hesabu ya chenji.

Kitu kimoja tulijivunia kuliko vyote: timu yetu ilishambulia upande wa kushoto. Kizazi baada ya kizazi, kila mchezaji wa Kasongo alikwenda kushoto, na kaka yangu ndiye aliyekuwa bora kati yao. Yeye ni mtoto wa kwanza wa mama, fundi wa baiskeli, amepita miaka thelathini, na ndiye kapiteni. Watu walisema tuliurithi mtindo huo kwa yule mwashi. Nami nilisema hivyo hivyo, kwa sauti kubwa, kwa kila mteja.

Kisha Kabambare wakaanza kutufunga, kwao na kwetu. Nieleze polepole, kwa asiyeujua mchezo. Mlinzi mwerevu hasimami mbele yako sawasawa. Anasimama nusu hatua kwenye upande unaoupenda, anakuachia ule mwingine wazi kabisa, kama mlango. Kaka yangu hakuuona mlango. Alikwenda kushoto, akanyang'anywa mpira. Akarudi kushoto, akanyang'anywa tena. Mashabiki wa Kabambare walituita watu wa mkono mmoja, wakaimba: "Karibu, batu ba mukono moja!"

Komite ikakaa. Ikaamua kwamba kapiteni amezeeka: mechi moja zaidi dhidi ya Kabambare, hapa nyumbani, na tukifungwa atarudisha jezi. Kaka yangu mwenyewe alituletea habari hiyo. Alikaa uani akakaza spoki za gurudumu ambalo lilikuwa limekwisha kukazwa.

Siku iliyofuata nilikwenda kumsaidia mama kufagia mpunga wake jioni. Nikiwa nimeinama na ufagio, nikaona mistari ya uwanja. Upande wa kulia wa pete, chini ya mpunga, rangi nyeupe ilikuwa bado nzima. Upande wa kushoto hapakuwa na mstari hata mmoja. Viatu vilikuwa vimeifuta rangi yote. Nikasimama na ufagio mkononi.

Lazima ujue mambo mawili. La kwanza, uwanja wetu una pete moja tu ya kila siku. Ya pili inalegea, inakaa ofisini kwa mkuu wa shule na hufungwa siku ya mechi. Kwa hiyo mazoezi yote, miaka yote, yamefanyika kwenye pete moja. La pili ni sheria ya mama. Mpira ukiingia kwenye mpunga, aliyeupiga anaacha kucheza, anapiga magoti, anaokota punje zilizotawanyika moja moja mpaka mama aseme basi. Na mama hakuwa na haraka ya kusema basi. Mtoto aliyeokota mara mbili hakwenda kulia tena, hata siku ambazo mpunga haukuwepo.

Basi haikuwa mwashi. Ilikuwa mama yangu.

Nilikimbia kwa kocha, ambaye ni mwalimu wa hesabu wa shule hiyo hiyo. Alinisikiliza huku akitabasamu.

"Dada, wewe ulikuwa kocha ya kuku."

"Ndiyo, na kuku walinisikia. Kuja uangalie mistari."

Alikuja. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akavua kofia. "Tutoe mupunga, basi," akasema.

"Hapana. Tukiitoa, watakwenda kushoto kama kawaida. Tuihamishe. Tuiweke kushoto."

Kumshawishi kocha kulikuwa rahisi. Mama alikuwa habari nyingine.

"Kushoto iko kivuli ya madarasa," alisema. "Saa nane jua inaondoka. Mupunga yangu ioze sababu ya mupira?"

"Juma mbili tu, mama. Ni kwa ajili ya yaya, mtoto wako wa kwanza."

"Huyo yaya yako, nilimuambia zamani aache mupira, ashone nguo."

Kaka yangu alikuwa mlangoni. Alisema taratibu, "Mama, nitaugeuza mimi mwenyewe. Na mvua ikikuja, nitaubeba."

Mama alimgeukia. "Na sheria yangu?"

"Sheria inabaki."

Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Wanaume wazima, wakifika mbele ya pete, miguu yao ilijipeleka kushoto, wanaona mpunga, wanaona mama na fimbo, wanageuka kulia kama waliosahau njia ya nyumbani. Kaka yangu alirusha mpira nyuma ya ubao. Akarusha juu ya ubao. Mara moja mpira ukaingia kwenye mpunga, naye kapiteni akapiga magoti mbele ya watu wote akaokota punje.

"Bado ile moja," mama akasema. "Na ile."

Siku ya sita mawingu yalifunga ghafla, na timu nzima ikaacha mpira ikazoa mpunga vikapuni na kuukimbiza madarasani. Hakuna kikapu kilicholowa. Kuanzia hapo mama alianza kutazama mazoezi, na siku ya kumi nilimsikia akimwambia jirani yake, "Mukono ya kulia imeanza kulainika."

Kabambare walifika kwa pikipiki, wekundu kwa vumbi, wakiimba wimbo wao. Mpira wa kwanza ukampata kaka yangu. Mlinzi akasimama nusu hatua kushoto kwake, kama siku zote, mlango wa kulia wazi. Kaka yangu akadunda mara mbili kulia, akauweka mpira ubaoni, ukaingia. Watu wakatazamana, kama wanaotaka kuhakikisha. Akafanya tena. Mara ya tatu mlinzi akahamia kulia, na kaka yangu akaenda kushoto, nyumbani kwake, bila mtu wa kumgusa. Nilikuwa nikimpiga mgongo mwanamke nisiyemjua, naye alikuwa akinipiga wangu.

Lakini Kabambare ni timu. Walirudi, wakatupita, na mwishoni walikuwa mbele yetu kwa pointi moja, mpira wetu. Mlinzi alisimama katikati kabisa. Hakujua tena aamini upande gani. Kaka yangu akaenda kulia, mpaka mwisho, mpaka kwenye kona ambayo tangu utoto wetu ilikuwa ya mama. Pale hapakuwahi kusimama mchezaji wetu ila kwa magoti. Akasimama wima, akarusha. Mpira ukagonga pete, ukapanda, ukafikiri, ukaingia.

Rais wa komite alimfuata kaka yangu katikati ya watu waliokuwa wakimbeba. "Jezi hiyo," akamwambia, "uifue tu."

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua meza yangu, kocha alikuwa uani kwetu, kofia mkononi, anaongea na mama kwa heshima ambayo sijamwona akiwapa komite.

"Mama, juma hii mupunga utaweka wapi?"

Mama alikuwa akifunga gunia. Alifikiri kama kocha anavyofikiri.

"Katikati," akasema.