Bilolo ya Mama Gloire

Toka kambi yetu ya bakimbizi mpaka Kabuta, kijiji ya bavuvi ku ziwa, hakuna mutu anabeba samaki mingi ku kinga, ni kusema baiskeli, kunipita mi, Pitchou. Kama eko, alete kinga yake tuone. Masomo niliachaka mapema, mwalimu akalia kwa furaha. Lakini habari ya Mama Gloire, uliza mi. Ni jirani yangu.

Alikimbiaka vita ya Pweto na mutoto yake moja, Gloire, na mbegu ya bilolo mu kona ya kitenge. Bilolo ni majani ya buchungu. Bamama Babemba ya hapa nabo banapika majani ya buchungu, lakini banayafula mu maji, banayakamua, banamwaga karanga mpaka inakuwa tamu kama bonbon. Mama Gloire, hapana. Anachemsha mara moja, anatia mafuta nyekundu ya ngazi na chisense, dagaa ya kukauka, basi. Ukimeza, masikio inasimama. Kisha unaomba ingine. Mi nakula sahani mbili bila kufunga macho. Shefu yetu ya bloki alikula kijiko moja, akatafuta maji kama mutu nyumba yake inaungua.

Sasa Boyd, kijana Mubemba, muvuvi ya Kabuta, akataka kuoa Gloire. Mama akafurahi vile sijamuonaka. Shamba ya kambi imechoka, na ku Pweto hakuna nyumba ya kurudia. Boyd alimuambia, "Mama, mutahamia kwangu wote mbili." Hakukuwa mulango ingine, na alijua.

Mbele ya ndoa, Babemba beko na desturi: upande ya bibi inapikia bwana. Mama akapika kuku muzima, maharagi, samaki, na bilolo.

"Mama Gloire," nikasema, "ya Babemba hii, fula kidogo. Tia karanga."

"We Pitchou, funga kinywa. Mboga ya kufula ni ya bagonjwa. Mukwe yangu nimupe mboga ya bagonjwa? Atasema ninamuzarau."

Nikapakia sufuria yote ku kinga. Hata tone haikumwangika, na barabara ile munaijua.

Ku Kabuta, shangazi ya Boyd, BanaKingsley, alikuwa ku mukeka na bamama wenzake. Kumbe kwabo kila sufuria iko na neno. Unafunua, unasema maana. Mama hakujua. Hata mi sikujua, na mi najua karibu yote.

BanaKingsley akaonja bilolo. Uso ikajikunja.

"Kuku tumeielewa. Buchungu hii inasema nini?"

Kibemba ya Mama ni ya soko. Akajibu, "Haisemi kitu. Ni ya kula. Ni muzuri."

"Mutu analeta buchungu ku ndoa ya mutoto yetu, na hana neno?"

"Kwetu njo hii tunapikia mutu tunaheshimu."

"Kwenu," akasema BanaKingsley.

Boyd alikuwa anakula. Alichovya tonge ya bukari, akachovya tena, akalamba vidole. "Shangazi, lakini iko muzuri."

"Nyamaza! Balishakuroga ulimi?"

Bamama bakacheka. Mama naye akacheka. Alizani ni mizaha ya ndoa.

Kesho yake banarudisha sufuria juu ya pikipiki. Ya kuku ilikuwa na kitenge mupya ndani, vile desturi. Ya bilolo ilirudi na bilolo yake. Tukaelewa: shangazi amekataa ndoa.

Wavu ni ya BanaKingsley, mutumbwi ni yake. Boyd eko na mapenzi tu, na mapenzi haivui samaki. Nilimukuta ku maji anapakia vitu, anaenda kuvua ku kisanga ya Kilwa, kisiwa ya mbali mu ziwa.

"Pitchou, unisalimie mama."

"Salimia mwenyewe. Miguu uko nayo."

Akaangalia miguu yake. Akapanda mutumbwi.

Gloire hakugombana na mama yake. Heri angegombana. Aliacha tu kula bilolo. Jua ikishuka anakula bukari na chumvi, anaingia, anafunga mulango. Mama anapika sufuria ileile. Mi nakuya, nakula, nafanya kelele.

"Mama Gloire! Kwa hii bilolo ningeoa mi, bila shangazi!"

Toka ndani, Gloire anasema, "Kaka Pitchou, kula, unyamaze."

Nanyamaza, mi Pitchou. Mama anaongeza mafuta mu sahani yangu, anaongeza tena, hata sijaomba.